Kipofu na Mbwa Amwongozaye

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda likawashangaza wengine, yaani maisha ya kila siku ya mtu asiyeona pamoja na mbwa wake.

Twasema huenda likawashangaza kwa sababu kwetu mbwa hana heshima kubwa. Kazi yake ni kulinda boma usiku na kubwekea wageni. Hulala nje, hula makombo, na akithubutu kuingia jikoni hufukuzwa kwa kipande cha kuni. Hata katika Biblia mbwa hana sifa nyingi. Mtume Paulo, akiwaonya Wafilipi juu ya walimu wabaya, aliwaita mbwa. Na Lazaro maskini, alipolala mlangoni pa tajiri, mbwa walimjia na kulamba vidonda vyake.

Lakini ziko nchi ambako mbwa huingia kanisani Jumapili asubuhi, akalala kimya chini ya kiti mpaka mahubiri yaishe, wala hakuna mzee wa kanisa amfukuzaye. Huyo ni mbwa amwongozaye kipofu. Tumeona vema tueleze kazi yake, kwa maana ndani yake limo somo juu ya namna ya kumwongoza mtu mwingine. Na somo hilo latuhusu sana sisi hapa Kenya.

Kazi hii haikuanza zamani sana. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, askari wengi wa Ujerumani walirudi kutoka vitani wakiwa wamepofuka, na baadhi yao walipofushwa na gesi ya sumu. Mwaka 1916, katika mji wa Oldenburg, daktari mmoja aitwaye Gerhard Stalling alifungua chuo cha kufundisha mbwa ili wawaongoze askari hao. Chuo kingine kilifunguliwa Potsdam mwaka 1923. Mama mmoja Mmarekani, Dorothy Harrison Eustis, aliyekuwa akikaa Uswisi na kufundisha mbwa kwa kazi mbalimbali, alikwenda Potsdam akaona mambo hayo kwa macho yake. Mwezi wa Novemba 1927 aliyaandika katika gazeti moja la Marekani.

Katika mji wa Nashville, huko huko Marekani, alikuwako kijana aliyeitwa Morris Frank. Alipoteza jicho moja utotoni, na la pili alipokuwa kijana. Baba yake alimsomea habari ile gazetini, naye akamwandikia mama yule mara moja. Alimweleza kwamba vipofu wengi kama yeye wamechoka kutegemea watu kwa kila hatua, na kwamba akisaidiwa yeye, atarudi kwao na kuwasaidia wengine. Mwaka 1928 akaitwa Uswisi. Yasemwa kwamba katika safari ile ya kuvuka bahari alitunzwa kama mzigo unaopelekwa kwa mwenyewe: alifungiwa chumbani, akatolewa kutembezwa kwa saa maalum, kisha akarudishwa na mlango ukafungwa tena.

Huko Uswisi alijifunza kutembea na mbwa jike aliyemwita Buddy. Mwezi wa Juni mwaka ule ule wakarudi New York, na mbele ya waandishi wa magazeti kipofu yule akavuka barabara pana, yenye magari mengi mno, yeye na mbwa wake tu. Yule aliyekwenda kama kifurushi alirudi akitembea kwa miguu yake, akienda alikotaka. Mwezi wa Januari 1929 yeye na Bibi Eustis walianzisha chuo huko Nashville, ambacho baadaye kilihamia New Jersey. Jina la chuo hicho lilitokana na Mithali 20:12, mstari unaotukumbusha kwamba sikio lisikialo na jicho lionalo vyote viwili ni kazi ya Bwana. Mwaka 1934 chuo kilipanga kwamba kila mwanafunzi alipe dola 150 kwa mbwa wake wa kwanza. Gharama yenyewe ilizidi hapo sana, na iliyobaki ilitoka katika sadaka za watu. Lakini walitaka kila mwanafunzi arudi nyumbani akijua kwamba naye amelipa, asijione kuwa ni mwombaji.

Huko Uingereza kazi ilianzishwa na akina mama wawili, Muriel Crooke na Rosamund Bond, katika mji wa Wallasey karibu na Liverpool. Mwaka 1931 mbwa wanne wa kwanza walimaliza mafunzo. Majina yao yalikuwa Judy, Flash, Folly na Meta.

Basi, mbwa huyu hufundishwaje? Akiwa na umri wa miezi miwili hivi hupelekwa kwa watu wa kujitolea, wamlee nyumbani mwao kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Hao humpeleka sokoni, katika basi, penye mvua, penye kelele na penye watoto, ili azoee dunia asiiogope. Wao huzoeana naye na kumpenda, huku wakijua tangu siku ya kwanza kwamba watamtoa. Twamkumbuka Hana, mama yake Samweli, aliyemlea mwanawe kwa ajili ya kazi ya hekaluni. Baada ya malezi hayo mbwa huenda chuoni, akafundishwa kwa miezi kadhaa.

Hufundishwa kusimama kila afikapo ukingo wa barabara. Hufundishwa kuzunguka shimo, nguzo, baiskeli iliyoegeshwa na mtu aliyesimama njiani. Tena hufundishwa jambo moja lililo gumu kwa mnyama. Mbwa wa kawaida akikuta tawi la mti limeinama juu ya njia, hupita chini yake bila kujali, kwa sababu yeye ni mfupi. Lakini tawi lile lingempiga kipofu usoni. Kwa hiyo mbwa huyu hufundishwa kupima nafasi ya wawili, yake na ya yule aliye kando yake. Pale ambapo yeye angepita lakini mwenzake hawezi, hapiti.

Mwishowe mtu na mbwa hukutanishwa. Walimu hutazama mwendo wa mtu, kimo chake na kazi yake, wakamtafutia mbwa anayemfaa. Kisha hao wawili hufundishwa pamoja kwa majuma kadhaa.

Sasa na tumfuate mtu mmoja wa Uingereza katika siku yake. Hatumtaji jina, kwa kuwa siku yake ni kama siku ya wengi. Asubuhi huamka, akampimia mbwa chakula chake. Humtoa nje ajisaidie mahali palepale pa kila siku, naye mwenyewe huokota uchafu kwa mfuko. Humsugua manyoya kwa brashi. Kisha humvika mikanda ya kifuani na mgongoni, iliyo na mpini mgumu wa kushika. Mikanda ikivaliwa, mbwa ajua kwamba kazi imeanza. Ikivuliwa jioni, yeye hucheza na kukimbia kama mbwa mwingine yeyote.

Mtu hushika mpini kwa mkono wa kushoto, na safari ikaanza. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba kipofu humwambia mbwa, "Nipeleke posta," kisha akamfuata tu. Sivyo. Ni kweli kwamba mbwa huzoea njia za kila siku, lakini mwenye kujua safari ni mtu. Yeye ndiye ajuaye kwamba baada ya barabara ya pili atageuka kulia, na kwamba duka la mkate liko kabla ya kanisa. Yeye ndiye asemaye, "Mbele," au "Kushoto," au "Kulia." Wakifika penye taa za magari, mbwa hawezi kusoma taa hizo. Macho ya mbwa hayapambanui vizuri rangi nyekundu na ya kijani. Ni kipofu ambaye husimama, husikiliza sauti za magari, akaamua kwamba sasa ni wakati wa kuvuka.

Basi kazi imegawanywa. Mtu ana safari, na mbwa ana macho. Mbwa hamwambii mtu aende wapi, wala mtu hamfundishi mbwa mahali pa kukanyaga.

Ndani ya basi mbwa hulala miguuni pa bwana wake. Kazini hulala chini ya meza. Dukani humwongoza mpaka mlangoni, kisha penye mwuzaji. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2010 yakataza wenye maduka na madereva wa teksi kumkataa mtu kwa sababu ya mbwa wa namna hii, ingawa bado wapo madereva wanaopita bila kusimama wamwonapo. Na wapita njia nao huleta taabu bila kukusudia. Mmoja humwita mbwa, mwingine humpapasa kichwani, wa tatu humtupia kipande cha biskuti. Wadhani wanafanya wema, kumbe wameyaondoa macho ya kipofu njiani. Ukimwona mbwa amevaa mikanda yake, mwache afanye kazi. Ukitaka kusema, sema na mtu.

Sasa twafika penye jambo kubwa kuliko yote. Mbwa huyu hufundishwa kutii, lakini hufundishwa pia kukataa. Tuseme mtu amesikiliza, akaona barabara i kimya, akasema, "Mbele." Lakini gari linakuja bila kelele, au barabara imechimbwa mtaro jana ambao mtu hana habari nao. Mbwa hasogei. Mtu asema tena, "Mbele." Mbwa hasogei, au ajipitisha mbele ya miguu yake amzuie. Basi mtu mwenye busara hamvuti wala hampigi. Husimama, akapapasa kwa mguu, akasikiliza tena, akajua kwamba mwenzake ameona lililofichika kwake.

Ndugu zetu, habari hii si ngeni kwa msomaji wa Biblia. Fungueni Hesabu sura ya 22. Balaamu alipanda punda wake kwenda alikoitwa na wakuu wa Moabu. Punda akamwona malaika wa Bwana njiani, ana upanga mkononi, akageuka kando. Balaamu akampiga. Punda akajibana ukutani, naye akapigwa tena. Mwishowe punda akalala chini, akapigwa mara ya tatu. Yule nabii, mtu mashuhuri kwa maono, hakuona kitu, na mnyama ndiye aliyeona. Kisha Bwana akamfumbua macho Balaamu, na malaika akamwambia kwamba kama punda asingegeuka, yeye angekuwa amekwisha kufa. Fimbo zote tatu zilimwangukia yule aliyemwokoa.

Ni mara ngapi sisi nasi twampiga anayetuzuia? Mke amwambia mume, "Usitie sahihi karatasi hiyo ya shamba," naye akanyamazishwa. Mzee wa kanisa aonya juu ya fedha za ujenzi, akaitwa mpinga maendeleo. Kijana amwambia rafiki yake asiendeshe gari akiwa amelewa, urafiki ukavunjika. Twapenda watu wanaosema, "Twende." Lakini mwenzako wa kweli hutii katika mambo mengi, na siku ya hatari husimama imara mbele yako, ingawa utamchukia. Hatusemi kwamba kila akataaye ana haki. Twasema kwamba mtu mwenye busara, akizuiwa na yule ampendaye, husimama kwanza akauliza ameona nini.

Kazi ya mbwa ina mwisho wake. Huanza kazi akiwa na umri wa miaka miwili hivi, na akikaribia miaka kumi hupumzishwa. Wengine hubaki nyumbani kwa bwana wao, wengine huchukuliwa na jamaa au marafiki. Mtu naye hurudi chuoni, akaanza upya na mbwa mwingine, wakizoeana hatua kwa hatua. Wenye kupita katika hayo husema ni huzuni halisi, nasi twawaamini.

Sasa na turudi nyumbani. Kwetu Kenya si jambo la kawaida kumwona mbwa wa namna hii, na sababu zajulikana. Kumfundisha kwahitaji fedha nyingi na walimu stadi. Njia zetu nyingi hazina kando ya kutembelea. Mbwa wasio na mwenyewe huzunguka ovyo na kushambulia wenzao. Tena wapo jirani zetu ambao kwa imani yao mbwa hukaa mbali na nguo na chumba cha sala, na yatupasa kuwaheshimu. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila kipofu atafutiwe mbwa. Wengi hutembea vema kwa fimbo nyeupe, wakiisha kufundishwa kuitumia.

Lakini tuangalie ni nani awaongozaye wengine. Mara nyingi ni mtoto. Mzee ashika ncha moja ya fimbo, na mtoto wa miaka minane au tisa ashika ncha ya pili, wakapita kituoni kutoka matatu moja hadi nyingine, saa za asubuhi wakati wenzake wako darasani. Jambo hili ni la kale. Samsoni, alipong'olewa macho, aliongozwa na kijana aliyemshika mkono. Lakini mambo ya kale si yote yafaayo kudumu. Mtoto yule anapoteza masomo yake, na mzee yule amepoteza safari yake, kwa maana huenda pale tu ambapo mtoto ametumwa kumpeleka. Kanisa lililo na mtoto wa namna hii katika mtaa wake halina haja ya kungoja msaada kutoka ng'ambo. Washirika watano wakipeana zamu, mzee atafika sokoni, zahanati na ibadani, na mtoto atarudi shuleni.

Na ikiwa mtoto mwenyewe ndiye asiyeona, asifichwe nyumbani. Shule ya vipofu ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na tangu hapo watoto wengi wamejifunza kusoma kwa vidole. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yatamka kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kufika mahali pa watu wote na kupanda vyombo vya usafiri. Lakini heshima hiyo haianzi mahakamani, huanza mlangoni pa kanisa.

Basi tujifunze kwa mbwa yule, sisi wenye macho mawili na akili. Usimkamate kipofu mkono na kumvuta ng'ambo ya barabara, huenda hakutaka kuvuka. Mwulize kwanza. Bwana Yesu mwenyewe alipoitwa na Bartimayo kipofu kando ya njia ya Yeriko, hakudhani tu, alimwuliza anataka afanyiwe nini. Akikubali msaada, mpe kiwiko chako akishike yeye, utangulie hatua moja, umwambie penye ngazi na penye mtaro. Pima nafasi ya wawili. Ukifika naye, usimwache katikati ya uwanja, mwonyeshe kiti kwa kumwekea mkono juu yake. Ukimsalimu, taja jina lako. Viti vya kanisa vikihamishwa, aambiwe. Na wakati wa Meza ya Bwana, asiachwe nyuma kama mtu aliyesahauliwa, bali aulizwe kama apenda kwenda mbele au kuletewa.

Tena tusimfanye kila Jumapili kuwa mtu wa kuombewa tu, kana kwamba hana lingine la kutupa. Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Bwana alikataa swali lenyewe, katika Yohana sura ya 9. Huenda mtu huyo ndiye mwalimu wa kwaya tunayemtafuta, au mhubiri, au mweka hazina mwaminifu. Sheria ya Musa yatukataza kumwekea kipofu kikwazo. Ayubu, alipohesabu mambo mema ya maisha yake, alitaja kwamba alikuwa macho kwa vipofu. Hakusema kwamba alikuwa bwana wao.

Wapenzi, sote twatembea katika njia tusiyoiona yote. Hatumfananishi Mungu na mnyama, hasha. Lakini Isaya sura ya 42 yaahidi kwamba Bwana atawaongoza vipofu katika njia wasiyoijua, na kuligeuza giza mbele yao kuwa nuru. Mungu huyo akitusimamisha penye ukingo, na tusimame. Na akituweka kando ya ndugu asiyeona, tumsaidie katika safari yake mwenyewe.

Tuombe. Ee Bwana, uliyelifanya sikio na jicho, twakushukuru kwa wote waongozao wenzao kwa uvumilivu. Wabariki ndugu zetu wasioona, uwape njia iliyo salama na rafiki wa kweli. Warudishe shuleni watoto waliobeba mzigo usio wao. Utufundishe kuuliza kabla ya kuvuta, na kusimama utuzuiapo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.